Mkwe Juu ya Dashibodi

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, na maneno ya ufundi yasikutishe. Nitayaeleza taratibu, kama ninavyowaeleza madereva, na usipoelewa mara ya kwanza nitarudia. Aliyeogopa katika habari hii ni mimi, na hata sasa sijamaliza kuogopa.

Kazi yangu ni kufunga kamera ndogo ndani ya malori yanayobeba makaa ya mawe. Yadi yetu iko nje kidogo ya mji wa Songea, na mimi nimepanga Majengo, kwa hiyo asubuhi natembea tu. Lori likitoka mgodini upande wa Mbinga linapita kwetu kukaguliwa, kisha linaendelea, ama mashariki kupitia Tunduru, ama kaskazini kupitia Njombe. Kamera ninayoifunga haitazami barabara. Inamtazama dereva.

Ni ndogo, inakaribia kiberiti, na inakaa juu ya dashibodi nyuma ya usukani. Pembeni yake kuna vitaa viwili vinavyotoa mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Mwanga ule ukifika kwenye jicho lako unaacha nukta inayong'aa, kama jua linavyoacha nukta juu ya maji ya ndoo. Sasa, ukigeuza jicho, nukta ile haihami sana. Kinachohama ni mboni, ule mduara mweusi wa katikati. Kamera inapima umbali kati ya nukta na mboni, tena na tena ndani ya sekunde moja, na kwa umbali huo inajua unatazama wapi. Inashika pia pembe za macho, ncha ya pua na pembe za mdomo, hivyo inajua uso wako umeelekea upande gani. Macho yakiacha barabara zaidi ya sekunde tatu, au kope zikizidi kuwa nzito, inalia. Na ikilia, taarifa inafika kwenye kompyuta ya yadi.

Kama umenifuata mpaka hapo, umeelewa karibu yote. Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililoniponza. Kamera haijui mbele ni wapi. Lazima mtu aiambie. Siku ya kwanza namketisha dereva, namwambia aitazame kamera yenyewe kwa uso ulionyooka, kisha atazame karatasi niliyoibandika kwenye kioo cha mbele, kisha vioo vya pembeni. Nikimaliza nabonyeza kitufe, na kuanzia hapo kamera inaamini kwamba mbele ni pale nilipoiambia mimi.

Madereva hawakuipenda. Waliiita Mkwe. Ukitaka kujua kwa nini, fikiria mwanamume wa kwetu aliyeketi sebuleni na mama mkwe wake. Hanyooshi miguu, hapigi miayo, hajikuni, wala hamtazami machoni, maana kumtazama mkwe machoni ni utovu wa adabu. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Na hawa walikuwa wamewekewa mkwe ndani ya gari, safari nzima, asiyelala wala kwenda jikoni. Asubuhi pale yadi utasikia mmoja akimuuliza mwenzake, "Jana Mkwe kakukoholea mara ngapi?"

Dereva ninayetaka kukusimulia alikuwa amevuka hamsini, mtu wa upande wa Namtumbo, mpole, mwenye mabega mapana. Alianza kuendesha magari makubwa kabla mimi sijajua kusoma, na hakuwahi kuangusha hata moja. Vijana walimnyanyukia kiti. Mimi aliniita mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha darasa lolote, kwa sababu alisema nikianza kueleza kitu siachi mpaka hata tairi lielewe.

Siku ya kuifundisha kamera uso wake nilimwamkia, nikapanda kwenye lori, nikamwomba aitazame kamera. Aligeuza uso kulia, kuelekea mlango wake, kisha akaitazama kwa pembeni. Nikamwambia anyooshe uso. Akanyoosha, akatulia kidogo kama anayetafuta kitu, kisha uso ukarudi kulekule kulia. Nikarudia mara ya tatu, kwa upole, nikidhani sijaeleza vizuri.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimelelewa. Mkwe hatazamwi machoni."

Madereva waliosimama chini ya mlango walicheka mpaka mmoja akashika tairi asianguke. Mwingine akanishauri nimwache, maana akimkazia Mkwe macho sana atatozwa mbuzi wa adabu. Nilicheka pia. Ilikuwa utani mzuri, na ulimtoka mtu ninayemheshimu. Nikabonyeza kitufe kwa uso wa kawaida uliokuja nao mtambo kutoka kiwandani, nikaandika kwamba kazi imekamilika.

Wiki ile Mkwe alimkoholea bila kupumzika. Kila safari taarifa zilimiminika kwenye kompyuta zikisema dereva anatazama kulia, hatazami barabara. Msimamizi wa yadi, mtu wa maneno machache, aliniita akaniambia kwamba mzee yule halewi, hasinzii na hachezei simu, kwa hiyo kilichoharibika ni kamera. Nami niliamini hivyo. Nikafunga nyingine mpya. Ikalia vilevile.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Mtambo unaruhusu fundi kuhamisha mbele. Nilichukua picha za safari zake, nikaona uso wake umepinda kulia karibu muda wote, nikaiambia kamera kwamba kwa mtu huyu, uso uliopinda kiasi hiki ndiyo mbele. Nikabonyeza. Kelele zikakoma. Msimamizi akanisifu mbele ya watu, na mzee, aliporudi safari, akaniletea maharage kwenye mfuko wa khaki. Niliyapika jioni ile na nikayala kwa furaha.

Siku nyingi zilipita. Kioo chake cha kulia kilivunjika kwa kugonga nguzo ya lango, kikabadilishwa. Kikavunjika tena. Wenzake wakasema lango limesogea.

Kisha asubuhi moja nilimkuta kwenye benchi la mama anayetuuzia chai, amekaa anakoroga sukari. Nilitokea upande wake wa kulia nikamwambia shikamoo. Hakujibu. Nikadhani hakusikia, nikarudia nikiwa nimesogea karibu kabisa, hatua moja tu. Kijiko kiliendelea kuzunguka kwenye kikombe. Waliokuwepo wakanyamaza, maana kuacha shikamoo ya mtu ikining'inia hewani si jambo dogo kwetu. Nikazunguka mbele yake ili nikae. Alishtuka hata chai ikamwagika.

"Marahaba, binti yangu," alisema. "Wewe umeota hapo?"

Alidhani nilikuwa nawaamkia watu wengine, kwa sababu hakuona kama kuna mtu kando yake. Wenzake wakamtania kwamba siku hizi ana maringo, anachagua wa kuwaitikia. Yeye akacheka nao. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeshaukumbuka ule uso uliopinda, kabla sijakubali kuutaja.

Nilirudi ofisini nikafungua picha zake zote, kisha za madereva wengine watatu, nikaziweka pamoja. Dereva wa kawaida akitaka kuona kioo cha kulia anahamisha macho tu, uso unabaki pale pale. Mzee alikuwa anageuza shingo nzima mpaka kidevu kinakaribia bega. Na hata barabara ilipokuwa imenyooka, hakuna anayempita, hakuna anayekuja, uso wake ulibaki umepinda kulia.

Jaribu kuelewa nami. Jicho la kushoto haliwezi kuona mpaka mwisho wa upande wa kulia, kwa sababu pua imesimama katikati kama ukuta. Kazi ile ni ya jicho la kulia. Kama jicho la kulia halifanyi kazi, mtu anaanza, bila kujiambia, kugeuza uso ili ukuta uondoke. Kamera ya kwanza ilikuwa imeona hivyo. Ya pili pia. Zote mbili zilisema ukweli, nami nikazifundisha kusema uongo. Na kwetu magari yanapita kushoto, dereva anakaa kulia. Kila kinachokuja mbele yako kinakuja kwa upande wa kulia.

Wakati nayaona hayo yeye alikuwa ameshaondoka, na tani za makaa mgongoni. Alikaa safarini siku tatu. Kila simu ya ofisi ilipoita niliiacha ipokewe na mwingine. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba mimi ni fundi wa kamera, si daktari, na kwamba nikikosea nitakuwa nimempokonya mzee wa watu kazi kwa sababu ya chai iliyomwagika. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa pia kusema nilichokifanya. Usiku sikulala vizuri, mchana nilisahau kula.

Aliporudi, nilimwomba msimamizi ruhusa nisafiri naye mpaka Njombe kukagua kamera. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Tuliondoka jua likiwa limeshachomoza, ukungu ungali umelala mabondeni, mimi kwenye kiti cha kushoto.

Alikuwa na furaha ya kupata wa kuzungumza naye. Alinionyesha shamba la parachichi la mtu anayemfahamu, akanionyesha kanisa jipya, akamcheka mzee mmoja aliyekuwa anavuta mbuzi asiyetaka kwenda. Mpaka tulipokaribia Madaba ndipo nilipotambua kwamba vyote alivyonionyesha vilikuwa kushoto. Kulia tulipita soko lenye watu, wanawake waliobeba kuni, basi lililoharibika na abiria wake wamekaa majanini. Hakusema neno. Nikaanza kuhesabu kimyakimya, na kadiri nilivyohesabu ndivyo mkono wangu ulivyozidi kung'ang'ania kishikio cha mlango.

Kamera ilikuwa imetulia juu ya dashibodi. Sikuwahi kuogopa kimya kama kile.

Tuliingia kwenye milima ya Lukumburu. Nani asiyeijua barabara ile, kona juu ya kona, ukuta upande mmoja na bonde upande mwingine. Tulipokuwa tunashuka, niliona njia ya vumbi inayotoka kwenye miti upande wa kulia, na pikipiki imebeba magunia mawili ya mkaa inateremka kuingia barabarani. Ilikuwa mbali bado. Nikasubiri mzee apunguze mwendo. Yule wa pikipiki alituona, akadhani nasi tumemwona na tunampa njia, basi akaingia, akaanza kukata barabara apate upande wake. Mzee alikuwa anaeleza jinsi ya kushusha gia mlimani. Mguu wake haukusogea.

"Baba, pikipiki kulia," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

Alifunga breki palepale. Mzigo ulitusukuma kwa nyuma, lori likalalamika, likateleza, nikaona magunia ya mkaa yakipita mbele ya bampa karibu kiasi kwamba niliona kamba yaliyofungiwa. Pikipiki ikafika upande wa pili, ikayumba, ikanyooka, ikaenda. Mwenyewe hakugeuka hata kututukana.

Mzee alilisogeza lori taratibu mpaka penye nafasi ya kuegesha, akazima injini. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Ametokea wapi?" akauliza.

"Kulia. Alikuwepo muda mrefu, baba."

Alitazama mbele. Tulisikia breki zikitoa upepo.

"Mkwe hakulia," akasema.

Nilimweleza. Sikupata maneno mazuri, nilimweleza kama yalivyokuja: kwamba kamera zote mbili zilimwona, na mimi ndiye niliyeziambia kwamba uso uliopinda ndiyo mbele. Kwamba kimya kile ni kazi ya mikono yangu.

"Si wewe," akasema. "Mimi ndiye niliyekuchekesha."

Siku ile ya kwanza, aliniambia, alipoinyooshea kamera uso upande wote wa kulia ulimezwa na ukungu, shingo ikageuka yenyewe, na utani wa mkwe ulimjia kama mlango wa kutokea. Ukungu wenyewe ulianza masika mawili yaliyopita, pembeni kabisa mwa jicho, kama moshi wa jikoni. Hakuumwa hata siku moja. Kwanza alidhani ni uzee, baadaye akadhani ni kijicho cha watu, akaoshwa kwa majani. Hospitali aliiogopa, kwa sababu hospitali wanaandika, na kilichoandikwa kinafika yadi. Mkewe hakujua. Sasa jicho la kulia lilikuwa linamwonyesha mwanga tu na vivuli.

Kisha akanigeukia, uso mzima, mpaka jicho la kushoto likanipata.

"Nifikishe mzigo huu mmoja, mwalimu. Nikirudi, andika."

Nikuambie ukweli, nilitaka kukubali. Njombe haikuwa mbali. Alikuwa ameendesha barabara ile maisha yake yote. Alikuwa baba kwangu, na mtoto hamteremshi baba yake kwenye kiti mbele ya watu.

"Siwezi, baba," nikasema.

Akachomoa ufunguo akauweka juu ya dashibodi, mbele ya kamera, akateremka.

Nilimpigia msimamizi nikamweleza yote, nikianza na kosa langu. Akasema atatuma dereva mwingine na tusiguse gari. Tulikaa juu ya mawe kando ya barabara mpaka alasiri. Malori ya wenzake yalipita yakipiga honi, yakidhani tumepata pancha, na mzee aliinua mkono kwa yale aliyoyaona. Karibu na mwisho aliniomba nimweleze tena jinsi kile kidude kinavyoona. Nikachukua kijiti nikachora jicho kwenye vumbi, nikaweka mboni, nikaweka nukta. Alifuatilia kwa makini, kisha akauliza kama kilichokufa ndani ya jicho kinaweza kurudi. Nilimwambia sijui. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu hivyo.

Wiki ile ile nilimsindikiza kliniki ya macho, yeye na mkewe. Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu, naye alimwamkia kabla ya kumgusa. Alimwambia azibe jicho moja kwa kiganja, amtazame yeye puani bila kuhamisha jicho, kisha akaleta kidole kutoka pembeni, akimwambia aseme akikiona. Kwa jicho la kushoto kidole kilionekana upesi pande zote isipokuwa upande mmoja wa juu, ambako kilichelewa. Kwa jicho la kulia kidole kilifika karibu na pua, mzee akiwa bado anasubiri. Mkewe alikuwa ananyoosha kitenge chake magotini, mara kwa mara, ingawa kilikuwa kimenyooka.

Baada ya vipimo vingine daktari alisema ni presha ya macho. Maji yaliyo ndani ya jicho yanakandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa unakufa kuanzia pembeni, bila maumivu. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Jicho la kushoto nalo lilikuwa limeanza kuliwa, lakini hili lingeweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, bila kuruka, maisha yote. Angechelewa zaidi, pengine lisingekuwepo la kulinda. Mkewe aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejilaumu, iweje mtu apofuke ndani ya nyumba yake asijue. Daktari akamjibu kwamba macho mawili yanafichiana. Moja likipungukiwa, jingine linajaza, na mwenyewe anaendelea kuona dunia nzima, mpaka siku azibe moja.

Hakurudi kwenye usukani. Msimamizi alinipa barua ya onyo, nami niliistahili. Madereva hawakunitania kwa muda, na wawili kati yao, bila kuambiwa na mtu, walikwenda kupima. Sasa dereva asiyeweza kuitazama kamera kwa uso ulionyooka simfungii mpaka alete karatasi ya kliniki, hata anichekeshe namna gani. Mzee alirudi shambani kwake. Kwa miezi kadhaa hakupokea simu zangu, na sikumlaumu. Baadaye mkewe ndiye aliyenipigia. Alisema anamtia matone asubuhi na jioni, kwamba wamefanya kipimo cha pili na jicho la kushoto limesimama palepale, halijarudi nyuma. Nilisikia sauti ya mzee kwa mbali akimwambia aniulize kama nimeshaolewa. Sikujua nicheke au nilie.

Woga haujaniacha. Nikifungua kompyuta nikaona dereva ambaye kamera yake haijalia wiki nzima, siridhiki, nafungua picha zake nimtazame. Na nyumbani nimewapima wote, mmoja mmoja, hata bibi aliyenifukuza mara mbili.

Nawe fanya hivi leo, kungali na mwanga wa mchana. Mkalishe mtu mbele yako, karibu kiasi cha mkono mmoja. Ziba jicho la kulia kwa kiganja bila kulibonyeza, umtazame puani, na jicho lisihame. Alete kidole polepole kutoka kulia, kushoto, juu na chini, nawe useme pale unapokiona. Kisha ziba la kushoto, mrudie vilevile. Ukiona upande wowote kidole kinachelewa, nenda kliniki ya macho wiki hii. Na kama umevuka arobaini, au mzazi wako aliwahi kuumwa macho, nenda hata kama hakikuchelewa, kwa sababu kidole hakigundui kila kitu. Ukifika dirishani, sema umekuja kupima presha ya macho, yote mawili.